Mkanda Mpya, Pampu ya Zamani: Kisa cha Fenibelti Iliyobadilishwa Nyumbani

Gari, mwenyewe na malalamiko

Mwenye gari ni mwalimu wa sekondari katika mji mmoja wa bara, Tanzania. Jina lake, shule yake na namba ya gari nimeviacha. Hapa nitamwita Mwalimu tu. Gari ni dogo la Kijapani, lililoingia nchini likiwa limetumika, lenye injini ya Toyota 1NZ-FE ya lita 1.5. Simama kwenye kijiwe chochote cha teksi, fungua boneti chache, utaikuta injini hiyo.

Mkanda wa nje kwenye gari hili ni mmoja. Puli ya krenkishafti (mhimili mkuu wa injini) iliyo chini ndiyo inayouvuta, nao unazungusha altaneta inayochaji betri, pampu ya maji na kompresa ya AC. Usukani unasaidiwa na umeme, kwa hiyo hakuna pampu ya usukani. Feni ya rejeta nayo ni ya umeme, ingawa watu wote, mimi nikiwemo, tunauita mkanda huo fenibelti. Taiming, yaani mpangilio wa mwendo wa valvu na pistoni, ni ya cheni, imo ndani ya injini na haihusiani na mkanda huu. Maana yake ni kwamba mkanda wa nje ukikatika, pistoni na valvu hazitagongana. Utakachopoteza ni chaji na mzunguko wa maji. Chaji unaweza kuikosa ukafika nyumbani kwa umeme uliobaki kwenye betri. Maji yasipozunguka, silinda hedi inaweza kupinda kabla hujafika kituo cha mafuta kinachofuata.

Malalamiko yalikuwa ya kawaida. Asubuhi akipiga stata, gari linalia kwa sauti kali ndefu kwa sekunde chache, kisha linanyamaza. Siku za mvua linalia zaidi, na akiwasha AC linaanza upya. Fundi wa kwanza aliyemwonyesha, wa mtaani kwake, alisema beringi za altaneta zimekufa, anunue altaneta nyingine ya mtumba. Wa pili alichukua kipande cha sabuni ya mche akakigusisha kwenye mkanda injini ikiwa inanguruma. Kelele ikaisha papo hapo, ikarudi kesho yake. Sabuni hiyo haitibu kitu, na mkono ulioishika ulikuwa umebakiza sentimita chache tu uingie kwenye puli.

Mwalimu akanipigia. Nilikuwa nikimfanyia sevisi alipokuwa akiishi huku kwetu, kabla hajahamishwa.

"Fundi, habari za kazi. Hivi hii kazi ya mkanda siwezi kuifanya mwenyewe na huyu kijana wangu?"

Kijana amemaliza kidato cha sita, anasubiri matokeo, na mikono inamwasha. Nikamjibu inawezekana, ila spana isishikwe kabla hatujajua kinacholia ni nini.

Kabla ya kushika spana

Kelele za mkanda si za aina moja. Mlio mrefu wa kukwaruza, unaokuja mzigo unapoongezeka, kwa kawaida ni mkanda unaoteleza juu ya puli. Mlio mfupi unaokatika-katika kama wa kifaranga, unaofuata mwendo wa injini, mara nyingi ni puli zisizokaa kwenye mstari mmoja, au uchafu ulioingia kwenye mifereji. Beringi inayokufa haikwaruzi hivyo. Inavuma, au inasaga.

Nikamwomba anirekodie video. Kitu cha kwanza nilichokiona hakikuwa mkanda, bali ncha ya mtandio wake iliyokuwa ikining'inia juu ya injini inayozunguka. Nikamwambia azime gari, afunge nguo vizuri, kijana naye avue saa ya mkononi, ndipo tuendelee. Mkanda unapokea mwendo wa krenkishafti moja kwa moja. Ukinasa kitambaa hauachii.

Tulianza na kipimo cha maji. Kijana alichukua ile chupa ya kupulizia nguo wakati wa kupiga pasi, injini ikawa sailensa (inanguruma bila kukanyagwa mafuta), akasimama pembeni na kupuliza maji kidogo upande wa mkanda wenye mbavu. Mlio ukipotea kwa muda halafu ukarudi, shuku mpangilio wa puli. Ukizidi, mkanda unateleza. Hapa ulizidi mpaka mbwa wa jirani akaanza kubweka. Nilimsikia kwenye simu.

Kisha volti. Waliazima mita kwa fundi simu wa jirani. Injini ikiwa imezimwa, betri ilisoma 12.5. Injini ikizunguka bila mzigo, 14.1. Wakawasha taa kubwa, AC na feni ya ndani hadi mwisho: mkanda ukalia, mita ikashuka hadi 12.9, na mlio ulipokoma ikapanda tena mpaka 13.8. Altaneta iliyokufa haipandi tena namna hiyo. Hii ilikuwa nzima ila haikuwa ikizungushwa ipasavyo, na hapo wazo la kununua nyingine likafa.

Kijana akaangalia mkanda kwa tochi, gari limezimwa na funguo ziko mfukoni mwa mama yake. Akaniambia: "Fundi, mkanda mzima kabisa, hauna hata ufa." Ni kosa la kawaida, hata kwa mafundi wakongwe. Mikanda ya zamani ilitengenezwa kwa mpira wa neoprini, nayo ikichakaa ilipasuka mbavu, kwa hiyo tulizoea kuhesabu nyufa. Mikanda mingi ya siku hizi ni ya mpira wa EPDM. Huo unalika polepole kama tairi linavyolika, na unaweza kufika mwisho wa maisha yake bila ufa hata mmoja. Mifereji kati ya mbavu inazidi kuwa mipana na mirefu kwenda chini, mpaka kilele cha puli kinagusa sakafu ya mfereji. Kazi ya kushika inafanywa na kuta za mbavu zinazojikaba kwenye puli. Mkanda ukishaanza kukalia vilele badala ya kuta, unateleza hata ukiukaza vipi.

Nikamwambia apitishe ukucha juu ya mbavu. Zilikuwa zinateleza na kung'aa, na ukingo mmoja wa mkanda ulikuwa umeanza kutoa nyuzi.

Je, kukaza tu kusingetosha? Tuliliangalia hilo kabla ya kuamua kununua. Kwenye gari hili mkanda unakazwa kwa kuisogeza altaneta: bolti moja chini ndiyo egemeo, nyingine juu inapita kwenye tundu refu la bano. Picha ilionyesha bolti ya juu imeshafika karibu na mwisho wa tundu lake. Kuna mtu alikwisha kukaza, pengine zaidi ya mara moja. Nafasi ya kukaza tena haikuwepo.

Dukani

Wauzaji wengi wa spea huuliza swali moja: gari gani? Kisha wanavuta mkanda. Mwalimu alirudi na mkanda ulioandikwa vizuri, wenye kasha, na ulikuwa na mbavu pungufu kwa moja kuliko mifereji ya puli zake. Alinitumia picha kabla ya kuufungua na hilo likamwokoa, maana muuzaji alikubali kuubadilisha. Mkanda wa namna hiyo ungekaa, ungezunguka, na siku ya kwanza usingetoa sauti yoyote. Lakini mzigo uleule ungebebwa na mbavu chache.

Namba ya mkanda inasomeka hivi. Tuseme imeandikwa 5PK1100. Tano ni idadi ya mbavu. PK ni aina, yenye nafasi ya milimita 3.56 kutoka ubavu hadi ubavu. 1100 ni urefu kwa milimita. Ukiwa na namba hiyo huhitaji kumweleza muuzaji gari lako ni la mwaka gani. Shida ya Mwalimu ilikuwa kwamba maandishi ya mgongo wa mkanda wake yalikuwa yamefutika, zikabaki herufi mbili tu. Wakahesabu mifereji ya puli kwa tochi, na urefu wakaupata kwa muuzaji wa pili aliyekuwa na kitabu cha spea cha kutafutia kwa namba ya chesi. Hiyo ndiyo njia ya uhakika pale maandishi yanapokosekana. Kupima kwa kamba kunafaa kama huna jinsi, ila mkanda uliolika hausomi urefu wake wa asili.

Kuhusu feki sina mengi ya kusema. Maandishi yanayofutika kwa kidole chenye mate, mpira wenye harufu kali, mbavu zenye vinyweleo vya mpira pembeni: acha.

Jumamosi asubuhi

Walianza mapema injini ikiwa baridi. Waya hasi wa betri ukatolewa kwanza. Watu wengi huona hatua hii ni ya kupoteza muda, kumbe nyuma ya altaneta kuna waya mnene unaotoka betri moja kwa moja, una umeme hata funguo zikiwa chumbani. Spana ikigusa pale huku upande wa pili umegusa bodi, cheche zake zinayeyusha chuma. Tena spana namba 12 inayofungua bolti ya juu hufanya kazi karibu na waya huo.

Injini imelala kwa upana, na upande wa mikanda uko kwenye tairi la mbele kulia, upande wa dereva. Mkanda unaweza kutolewa kutoka juu bila kufungua tairi. Nilimshauri afungue, pamoja na plastiki ya kukinga matope, kwa sababu kutoka juu huioni puli ya krenkishafti, na mkanda uliokaa vibaya huwa umekaa vibaya pale pale. Wakapiga jeki. Kijana akaleta tofali la saruji alitegeshe chini ya gari. Nikamwambia alirudishe lilikotoka: tofali halitoi onyo, linapasuka ghafla. Wakaazima stendi mbili kwa jirani mwenye daladala, na tairi lililofunguliwa likalazwa chini ya kizingiti cha mlango, ili jeki ikiachia gari liangukie tairi.

Kabla ya kulegeza chochote walipiga picha za njia ya mkanda, na kijana akaichora kwenye kipande cha boksi, puli kwa puli. Mchoro ule uliwasaidia kuliko picha, maana picha zilikuwa na giza.

Bolti ya juu ilifunguka bila shida. Ya egemeo, inayotaka spana namba 14, iligoma. Kijana akataka kuongeza bomba kwenye spana. Bolti ile imepita kwenye masikio ya altaneta, nayo ni ya aluminiamu, kwa hiyo tulichagua subira: mafuta ya kulegezea kutu, chai, mafuta tena, kisha kugonga kichwa cha bolti kidogo kwa nyundo. Ikaachia. Altaneta ikasukumwa kuelekea injini, mkanda ukatoka.

Hapa ndipo wengi huvalisha mkanda mpya na kumaliza. Nikamwambia kijana: "Usivalishe. Zungusha kila puli kwa mkono, kisha itikise."

Altaneta ilizunguka kimya na wepesi. Puli ya kompresa ya AC nayo ilizunguka huru, kama inavyotakiwa klachi yake ikiwa imeachia. Ya pampu ya maji ilikuwa na mkwaruzo, kama kuna mchanga ndani, na alipoishika kwa vidole viwili akaisukuma juu na chini, ilicheza. Chini yake, kwenye lile tundu dogo ambalo pampu hutolea maji sili yake inapochoka, palikuwa na ukoko uliokauka wa rangi ya waridi iliyofifia, umeshuka kwa michirizi hadi kwenye bloku. Ni rangi ya kulanti ya Toyota, maji maalumu ya kupozea injini. Kwa gari linalojazwa maji ya bomba ungeona michirizi ya kutu badala yake.

Uamuzi wa pampu

Pampu ilikuwa inakwisha. Haikuwa ikidondosha maji wakati ule, lakini sili ikishaanza kupitisha maji na beringi ikaanza kucheza, kinachobaki ni muda.

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza, gari lilale mpaka pampu ije kwa basi kutoka Dar, ibadilishwe, ndipo mkanda mpya uvalishwe. Ya pili, mkanda mpya uvalishwe sasa, gari litembee kwa masharti, pampu ifuate. Ushauri wangu ulikuwa wa kwanza, na sababu yake ni ya kifundi tu: kubadilisha pampu kunalazimisha mkanda utolewe tena, na pampu ikivuja itaumwagia mkanda ule ule uliouvalisha juzi.

Mwalimu alichagua ya pili. Jumatatu alikuwa msimamizi wa mitihani, shule iko mbali na barabara ya daladala, na pesa ya pampu ilikuwa ya mshahara ujao. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu sasa. Tukakubaliana masharti: aende kazini na kurudi tu, asiguse barabara kuu, kila asubuhi injini ikiwa baridi aangalie kopo la maji kabla ya stata, na pampu iagizwe wiki hiyo hiyo.

Kuvalisha na kukaza

Walianza chini kwenye puli ya krenkishafti, wakamalizia kwenye altaneta ambayo ndiyo inayosogea. Kijana akapitisha kidole kwenye kila puli kuhakikisha hakuna ubavu ulioruka mfereji. Ulikuwepo mmoja, chini, ambao kutoka juu usingeonekana.

Gari hili halina skrubu ya kuvutia mkanda, kwa hiyo altaneta inasukumwa kwa nguvu na kushikiliwa hapo huku bolti ikikazwa. Kijana alichomeka bisibisi ndefu nyuma ya kifuniko cha altaneta. Nikapiga kelele kwenye simu. Kifuniko kile ni cha aluminiamu nyembamba, kinapasuka. Akachukua mpini wa nyundo, wa mti, akauegemeza kwenye sehemu nene karibu na sikio la bolti. Mpini ulimtosha, na haukuacha hata alama. Bolti ya juu ilikazwa kwanza mkanda ukiwa umevutwa, ya egemeo ikafuata.

Mara ya kwanza aliukaza kupita kiasi. Alipowasha, nilisikia mvumo wa juu uliopanda na mwendo wa injini, sauti ambayo haikuwepo kabla. Vijana wenye nguvu hupenda mkanda ulie kama uzi wa gitaa, na hapo wanazipa beringi mzigo usio wao. Kwa pampu iliyokuwa mgonjwa tayari, kukaza vile kulikuwa kuiharakishia safari. Akalegeza. Kwa kukisia, kwenye umbali mrefu zaidi kati ya puli mbili, bonyeza kwa kidole gumba kwa nguvu: mkanda ushuke kama sentimita moja. Au ushike kwa vidole viwili uusokote. Ufike karibu robo mzunguko, usipite hapo kirahisi. Kitabu cha gari kina vipimo kamili, na mwenye kipimo cha mkanda atumie kipimo.

Injini ikazungushwa dakika tano, ikazimwa, mkanda ukapimwa tena. Hatua hii haitokani na wasiwasi wangu. Vitabu vya ufundi vya Toyota huuita mkanda mpya ule ambao haujafikisha dakika tano kwenye injini inayozunguka. Ukizipita unahesabiwa umetumika, na kiwango chake cha mkazo ni kingine. Mwalimu na kijana nao waliukuta umelegea kidogo, wakaurudisha. Bolti ya juu ilibaki karibu na katikati ya tundu lake, dalili kwamba urefu ulikuwa sahihi na kuna nafasi ya kukaza baadaye.

Taa kubwa, AC, feni ya ndani: mita ikasoma 13.9 na mkanda ukanyamaza. Kijana akanitumia ujumbe wa sauti wa kicheko tu.

Safari ya msiba

Pampu ilifika kwa basi, ikawekwa kabatini ikisubiri Jumamosi. Kabla ya Jumamosi kukatokea msiba wa shangazi yake, wilaya nyingine. Mwalimu aliondoka alfajiri, gizani, akiwa na abiria watatu, na asubuhi hiyo kopo la maji halikuangaliwa. Nani angelikumbuka?

Kwenye mlima wa kwanza mrefu alisikia mlio mpya, wa kukatika-katika, kisha harufu tamu ikaingia kupitia matundu ya hewa. Dashibodi ya gari lake haina mshale wa joto, ina taa tu, na taa nyekundu haikuwa imewaka. Hakuisubiri. Akaegesha, akazima, akanipigia.

Alifanya vizuri katika mambo matatu ambayo madereva wengi huyakosea pale pale barabarani. Hakusubiri taa. Hakufungua kifuniko cha rejeta, ingawa abiria mmoja alishauri amwagie maji. Na alipoambiwa na waliosimama kusaidia kwamba wamvute kwa kamba, aliniuliza kwanza. Gari lake ni otomatiki ya kuvuta kwa mbele. Kulivuta umbali mrefu matairi ya mbele yakizunguka barabarani injini imezimwa kunaikausha gia boksi. Likapandishwa kwenye Canter mpaka gereji ya mji wa karibu, nao wakaendelea na basi. Waliwahi mazishi.

Matokeo

Gereji ile ilibadilisha pampu na gasketi yake, ikajaza kulanti na kutoa hewa kwenye mfumo. Injini haikuwa imechemka hadi kuumia, hedi haikuguswa. Mkanda ule mpya ulikuwa umelowa kulanti iliyotupwa na puli ya pampu, na mchanga wa barabarani umeganda kwenye mbavu. Fundi wa pale akauosha, akauvalisha, ukalia. Ukanunuliwa mwingine. Puli zote zikapigwa brashi na kusafishwa kabla ya kuuvalisha, na tangu hapo gari halijalia.

Hesabu ya Mwalimu ikawa mikanda miwili, pampu moja, ufundi wa gereji na Canter. Canter peke yake ilizidi bei ya pampu.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi vizuri zaidi katika kisa hiki kilifanyika kabla ya spana yoyote. Chupa ya maji na mita ya kuazima viliondoa altaneta kwenye orodha. Kama ushauri wa kwanza ungefuatwa, altaneta ya mtumba ingefungwa, na kwa kuwa kuifunga kunahitaji mkanda ukazwe upya, kelele ingepungua kwa wiki kadhaa na fundi angeonekana amepatia. Makosa ya namna hiyo ndiyo magumu kuyagundua, kwa sababu yanaambatana na nafuu ya muda. Sabuni ni mdogo wake.

Kijana kuonyeshwa jinsi mkanda wa EPDM unavyolika kulikuwa na faida ya kudumu. Sasa anajua kwamba "hauna ufa" si jibu. Wanaouza magari hutumia sana kigezo hicho, na mnunuzi anayeinama na tochi akatafuta nyufa anaridhika bure.

Kuzungusha puli kwa mkono kulichukua muda mfupi kuliko kunywa chai iliyotangulia, na ndiko kulikoleta habari kubwa kuliko zote siku ile. Mkanda ukiwa umefungwa, pampu inayocheza haitikisiki, imebanwa. Nafasi ya kuikagua ni wakati huo tu, na kwa mkanda unaodumu makumi ya maelfu ya kilomita, ni nafasi inayokuja baada ya miaka. Nimeona gereji zenye vifaa vizuri zikiipita hatua hii kwa sababu mteja amesimama mlangoni anaangalia saa.

Sasa uamuzi wa pampu. Ni rahisi kusema ulikuwa mbaya kwa sababu tunajua ulivyoishia. Mimi nauona ulikuwa na mantiki kwa masharti yake, na masharti hayo yalimvusha mitihani yote. Yalishindwa kwa sababu yalitegemea kitu kimoja, kumbukumbu ya mtu, na msiba hauheshimu kumbukumbu. Sharti la kifundi linalotegemea kukumbuka kila asubuhi linahitaji kitu kinachokumbusha: kikaratasi juu ya usukani, au kijana apewe jukumu la kufungua boneti kabla mama hajatoka. Pampu ilikuwa kabatini tayari. Kilichokosekana ni siku moja, na pengine msukumo wa kuichukua siku hiyo jioni ya kazi badala ya kungoja Jumamosi.

Kuna swali la mkanda wa zamani. Ingewezekana kuurudisha ule uliolika kwa siku hizo chache na kuutunza mpya mpaka pampu ibadilishwe? Nililifikiria. Kwa gari ambalo mkanda wake unateleza tu bila nyuzi pembeni, ningekubali: ulowe ule unaokwenda kutupwa. Wake ulikuwa umeanza kutoa nyuzi, na mkanda wenye nyuzi ukichanika unaweza kujizungushia kwenye puli na kung'oa vilivyo karibu. Kwa hiyo hapana, ingawa ingeokoa bei ya mkanda mmoja.

Kuosha mkanda uliolowa kulanti nako kuna mipaka. Matone machache yanasafishika kwa maji safi. Ukilowa hadi mchanga ukaganda kwenye mbavu, au ukiguswa na oili ya injini inayolainisha na kuvimbisha mpira, hauaminiki tena. Fundi wa gereji alipoteza saa moja kulithibitisha hilo.

Kuongoza kazi kwa simu kuliwezekana kwa sababu ya kijana. Alikuwa anasimama akiambiwa simama. Mtu mwenye haraka angepasua kifuniko cha altaneta kabla sijamaliza sentensi.

Mahali kisa hiki hakifai kufuatwa

Maelezo haya ni ya injini yenye mkanda mmoja unaokazwa kwa altaneta. Magari mengi mapya yana kikazio cha springi kinachokaza chenyewe. Huko hukazi kitu, unakizungusha kwa spana kikalegea, unavalisha, unaachia, na kazi inakuwa ya kukagua kikazio chenyewe kama springi yake bado ina nguvu. Mengine yana mkanda wa kunyumbuka usio na kikazio wala bolti ya kusogeza, unaovalishwa kwa kifaa maalumu puli ikizungushwa. Ukiulazimisha kwa bisibisi unakata nyuzi za ndani na hutaziona. Na gari lenye taiming ya mkanda si la kujifunzia nyumbani Jumamosi, kwa sababu huko jino moja likikosewa, injini ndiyo inayolipa.